Ukienda Upareni, Kaa Kijiji Kimoja

Kijana wa Nairobi au Mombasa anayepanga kuvuka mpaka akiwa na begi mgongoni na pesa za kuhesabu huanza, mara nyingi, kwa kuandika orodha. Anafungua ramani, anaiona milima ya Upare imejipanga kutoka kusini mwa Kilimanjaro kuelekea Usambara, na orodha inajaa yenyewe: Msangeni, Usangi, Ziwa Jipe, Same, Mkomazi, Mbaga, kilele cha Shengena, halafu Lushoto siku zikibaki. Yote hayo kwa wiki moja. Orodha hiyo ndiyo itakayomfilisi, na ushauri wangu kwake ni aifute, abakize kijiji kimoja. Msangeni, juu Ugweno katika wilaya ya Mwanga, panafaa kabisa, na ndipo nitakapotolea mifano mingi, ingawa hoja inasimama hata akichagua Mbaga au Chome. Anayebana pesa na siku kwa pamoja huishia kulipa zaidi ya aliyekaa, na watu atakaokuwa amezungumza nao wengi watakuwa makonda.

Tuanze na sura ya nchi yenyewe, kwa sababu ramani ya simu haisemi ukweli wote. Upare una safu mbili. Upare Kaskazini, penye Ugweno na Usangi, uko wilaya ya Mwanga. Upare Kusini, penye Mbaga, Gonja, Mamba, Suji na Chome, uko wilaya ya Same. Katikati ni tambarare kavu ya michongoma, wala hakuna barabara inayopita juu kwa juu kuziunganisha safu hizo. Atokaye Msangeni kwenda Mbaga atashuka hadi Mwanga, atashika barabara kuu iendayo Dar es Salaam mpaka Same, ndipo aanze kupanda upya. Kwa kidole ni safari fupi. Kwa gari ni siku imekwisha, pamoja na nauli ya magari matatu. Tena magari ya milimani yamepangwa kwa mahitaji ya wakazi, si ya mtalii. Hushuka alfajiri yakiwa na mgonjwa anayekwenda hospitali, mwalimu anayekwenda benki, mama mwenye mzigo wa ndizi, na mzee mwenye shauri mahakamani. Hupanda tena mchana, hao wote wakishamaliza shughuli zao. Mgeni aliyeamka saa tatu akanywa chai taratibu hukuta gari limeondoka zamani, na hapo huita bodaboda ya masafa marefu au hukodi gari zima. Ukichunguza bajeti zilizovunjika katika safari za namna hii, mara nyingi utakuta pesa zimevujia kwenye kukodi, na wanaokodi hukodi kwa sababu ratiba yao inawadai wawe mahali pengine kabla ya jioni.

Sasa linganisha na gharama ya kubaki. Chakula cha milimani kinalimwa palepale: mahindi, maharage, ndizi, mihogo, mboga, maparachichi. Makande, ambayo Tanzania nzima inayahesabu kuwa chakula cha Wapare, ni mahindi na maharage ndani ya sufuria moja, na hushibisha mtu aliyetembea milima kutwa. Siku ya ziada katika kijiji hichohicho hukugharimu kitanda na chakula tu. Siku ya mahali papya hukugharimu kitanda, chakula, nauli na kile ambacho wengi hawakihesabu, yaani ugeni wako. Siku ya kwanza hujui bei ya mkungu wa ndizi wala nani anapika vizuri, na huna wa kumuuliza ambaye hana cha kukuuzia. Ifikapo siku ya nne mama wa dukani amekwisha kukuambia bei ya kila kitu bila wewe kubishana na mtu. Mtu wa kuhamahama yuko siku ya kwanza kila siku.

Kuna na usalama. Barabara kuu inayopita Same ina malori na mabasi ya masafa marefu, na mwishoni mwa Juni 2025 basi na kosta viligongana eneo la Sabasaba, wilayani Same, vikashika moto, wakafa watu zaidi ya 30. Hakuna ushauri wa safari unaoweza kufuta hatari ya barabarani, lakini kila unapokata siku ya kuhama umekata pia saa za kuwa barabarani, na hasa zile za usiku, ambazo msafiri wa bei nafuu huzipenda kwa kuwa zinamwokolea pesa ya gesti.

Ila wanaobeba begi wakiulizwa wanatafuta nini, wachache hutaja bei kwanza. Husema wanataka kukutana na wenyeji, na hapo ndipo orodha ndefu inapowaangusha kabisa. Watu wa Ugweno hawakai kando ya barabara wakimngoja mgeni. Asubuhi wako kwenye migomba na kahawa, wengine wana zamu ya maji, watoto wako shuleni. Nyakati ambazo watu hukaa pamoja na kuwa na nafasi ya maneno zimepangwa na wiki: siku ya gulio, Ijumaa kwa Waislamu, Jumapili kwa Walutheri, siku ya kazi ya kijiji, na jioni za msibani. Upare Kusini wiki ina mapigo mengine. Wamisionari Waadventista A. C. Enns na Johannes Ehlers walifika mwaka 1903 wakaanzia Giti, huko Mamba, na mpaka leo Wasabato ni wengi sana katika milima hiyo. Mgeni wa usiku mmoja anayefika kijiji cha Wasabato siku ya Jumamosi hukuta maduka yamefungwa na njia tupu, na huondoka akisema pamedorora, kumbe kijiji kizima kiko kanisani kinaimba. Ili wiki ikupitie yote, na uone kila kundi siku yake, unahitaji wiki. Hili ni jambo la kalenda. Uchangamfu wako hauwezi kulifupisha.

Katika siku hizo zote, ninayoipendekeza kuliko nyingine ni ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo Wapare wamejengea barabara, shule na mifereji kwa vizazi. Mtu atanikumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe, na kwamba methali hiyo inapinga ushauri wangu wa kukaa. Mimi naisoma kama maelekezo. Anayeshika jembe siku ya tatu hafukuzwi. Amehamishwa kutoka kundi la wageni kwenda kundi la watu wanaojulikana. Kama kijiji kimetangaza kusafisha mfereji Jumatano, uliza kama unaweza kwenda. Utachimba vibaya, watacheka, na kabla ya saa sita utakuwa umeulizwa jina la baba yako, kazi yako, kwa nini hujaoa au hujaolewa, na bei ya unga huko kwenu. Mazungumzo ya aina hiyo hayapatikani kwa kumlipa mwongozaji akupeleke nyumba ya mtu ukapige picha ya jiko.

Hapo linakuja pingamizi zito kuliko mengine: huku si kuwa mzigo kwa watu wenye kipato kidogo? Linaweza kuwa, na wasafiri wengi wa bei nafuu ni mzigo kweli. Nyumba ya Kiafrika ikipata mgeni hujibana ili yeye asione upungufu. Atachinjiwa kuku aliyekuwa anatagia ada ya shule, na yeye ataandika nyumbani kwamba wenyeji ni wakarimu ajabu na hakutumia chochote. Huo ndio ubahili mbaya, kwa sababu nafuu yake imetoka mfukoni mwa aliye na kidogo kuliko yeye. Dawa yake ni kulipa, tena kulipa mapema. Chukua bei ya kitanda cha gesti ya kawaida pale Mwanga, ongeza bei ya milo miwili kwa mama lishe, na usishuke chini ya hapo. Mpe mama wa nyumba siku ya kwanza, faraghani, ukiiita mchango wa jikoni, ili apange mwenyewe kununua nini. Pesa inayotolewa siku ya kuondoka haisaidii sana: kuku amekwisha kuliwa, na mbele ya watu mwenyeji ataona haya kuipokea. Juu ya hiyo, sukari, majani ya chai na sabuni ni zawadi zisizomkosea mtu. Pipi za kugawia watoto njiani acha. Zinafundisha watoto kuomba na kuwaaibisha wazazi wao.

Nyumba yenyewe unaipataje? Usibishe hodi kwa watu bila kupitia kokote. Ukifika, nenda ofisi ya kijiji, umwone mtendaji au mwenyekiti, uonyeshe pasipoti, useme unatoka wapi, utakaa siku ngapi na unatafuta nini. Watakuuliza maswali, yajibu kwa utulivu, maana kijiji cha mpakani kina haki ya kujua nani amelala ndani yake. Wakishakufahamu, wao ndio watakaotaja nyumba yenye chumba, au kituo cha kanisa, au mwalimu anayekaa peke yake nyumba kubwa. Njia hiyo ina faida ambayo mitandao ya kutafutia malazi haina: mwenyeji wako anajulikana na uongozi, nawe unajulikana. Kupokea wageni kwa mpango si jambo geni Upareni. Katika miaka ya 1990 Usangi na Mbaga ziliingizwa katika mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanzishwa na Bodi ya Utalii Tanzania pamoja na shirika la Uholanzi la SNV, na wazo lake la msingi, kwamba malipo ya mgeni yabaki kijijini, ni jema hata pale ambapo hakuna ofisi ya mpango wowote.

Wakenya nao wana jambo la kuangalia, nami nalisema kwa upendo. Kiswahili cha pande zote mbili ni kimoja lakini adabu zake zinatofautiana. Upareni mtu mzima huamkiwa shikamoo, kila siku, hata kama ulimwona jana na hata kama mnapishana mkiwa na haraka. Dukani na mezani watu huomba. "Nipe chai" inayosemwa Nairobi bila ubaya wowote husikika Msangeni kama amri. Ukisimama kumwamkia bibi aliyebeba kuni, ukamsikiliza mpaka amalize habari za nyumbani kwako, umefanya kazi ambayo tabasamu na simu ya gharama haviwezi. Halafu kuna utani. Tanzania nzima inawatania Wapare kwa ubahili na kwa kupenda kesi, eti Mpare atauza ng'ombe agharimie kesi ya kuku. Usifike na utani huo mdomoni, kwa sababu utani una wenyewe. Ukitaka kuugusa, uguse kwa mlango wa historia: mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakapiga kambi Same kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa makisio ya mali ya kila mtu, na hawakurudi nyumbani haraka. Mzee akiona unaijua mbiru, jioni hiyo hulali mapema.

Wapo watakaosema wiki nzima kijiji kimoja inachosha, na kwamba hawakuvuka mpaka ili wakae. Namwelewa asemaye hivyo, ila nadhani anapima upana wa mahali kwa barabara zake za gari. Kwa miguu Ugweno ni mkubwa. Kutoka matuta ya juu, asubuhi isiyo na ukungu, upande mmoja kuna Ziwa Jipe na nchi ya Kenya ng'ambo yake, upande mwingine bwawa la Nyumba ya Mungu, na kaskazini Kilimanjaro. Usangi hufikika kwa mwendo mzuri wa miguu, na zaidi yake kuna msitu wa Kindoroko wenye kilele cha mita 2,113, kirefu kuliko vyote Upare Kaskazini. Nenda ukaone ndiva, mabwawa madogo ya udongo yanayokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Ukiketi pale nusu saa utasikia nani amechelewa, nani ameiba zamu ya mwenzake, na kesi itakayofuata. Ugweno ulikuwa nchi ya wahunzi. Ukoo wa Washana ulifua chuma kilichouzwa hadi kwa Wachaga kabla ya kuja kwa majembe yaliyoletwa kwa meli, na habari hizo hazikuandikwa na waliozitenda. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka milima hii, alizikusanya kwa kuwahoji wazee, na kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969. Kama msomi mwenye lugha ya nyumbani ilimbidi azunguke na kuketi na wazee, mgeni mwenye usiku mmoja anatarajia kuambiwa nini?

Kuketi huko kuna mipaka, na hapa wanaoharakisha huwa wanakosea zaidi. Kuna misitu midogo ya koo, mpungi, iliyobaki imesimama katikati ya mashamba kwa sababu ni ya mila. Usiingie kwa kuwa umeona kivuli kizuri. Uliza ni ya nani na kama mgeni anaruhusiwa. Upande wa Mbaga watu husikia habari za jiwe la Malameni, lililohusishwa na kafara za watoto zamani, na wengine huteremka garini swali hilo likiwa la kwanza. Jiweke mahali pa mwenyeji ambaye mgeni wake hajamwamkia vizuri anamuulizia watoto waliouawa. Habari kama hizo ukizisubiri, mwenye nazo atazileta mwenyewe. Asipozileta, hazikuwa zako.

Kwa Mkomazi nakubali kushindwa. Ni hifadhi ya taifa yenye faru na mbwa mwitu, inahitaji gari na ada, na hakuna ujanja wa kuifanya iwe rahisi isipokuwa kupata wenzako mjini Same mchangie gari. Lakini Mkenya ajiulize kama ana haja nayo: Mkomazi imepakana na Tsavo Magharibi, wanyama wengi ni walewale, na Tsavo anaingia kwa kiingilio cha mwananchi. Shengena ni habari nyingine. Kilele hicho cha mita 2,463 ndani ya hifadhi ya mazingira asilia ya Chome kina ndege mdogo mwenye duara jeupe jichoni ambaye makazi yake duniani ni Upare Kusini tu. Kama ndege ndiyo mapenzi yako, basi kijiji chako kimoja kiwe Chome, kibali ukichukue kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na Msangeni ukiache kwa mwaka mwingine.

Binti anayesafiri peke yake ataniuliza kama ushauri wa kulala nyumba za watu unamhusu. Nadhani unamhusu zaidi kuliko kaka yake. Hatari yake kubwa ipo katika kufika: stendi asiyoijua, jua limezama, gesti iliyo juu ya baa. Anayehama kila siku hufika mara saba kwa wiki. Anayekaa hufika mara moja, mchana, tena akiwa amepitia ofisi ya kijiji. Akishatambulishwa kama mgeni wa mama fulani, kijiji kizima kinajua akipotea wa kuulizwa ni nani. Hilo halifuti kila baya. Achague chumba chenye kitasa cha ndani, amwambie mtu wa nyumbani kwao anakolala, na mwaliko wa kwenda kunywa pombe ya dengelua usiku kwa mwanamume aliyekutana naye gulioni aukatae bila kujieleza sana. Wawili ni bora kuliko mmoja, wakipatana.

Yaliyobaki ni ya maandalizi. Kutoka Nairobi treni hukufikisha Voi, na kutoka hapo kuna lami hadi Taveta. Ng'ambo ni Holili, kisha Himo, kisha Mwanga. Mkenya hahitaji kulipia viza, ila awe na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huulizwa mpakani. Badilisha pesa kidogo tu kwa watu wa mkononi, tena baada ya kuuliza kiwango cha siku hiyo. Pesa nyingi zitoe benki Mwanga au Same, kwa sababu mlimani kuna wakala wa simu ambaye huenda hana salio la kutosha siku unayolihitaji. Laini ya simu ya Tanzania isajiliwe kwa pasipoti yako mwenyewe; usikubali ya jina la mtu.

Majira mazuri ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, na kwa hiyo ya pili chukua sweta nzito, kwani Julai ya Ugweno haifanani na ya Mombasa. Masika ya Machi hadi Mei barabara za udongo huteleza na magari hupungua, na vuli nayo si ya kudharau: Novemba 2009 maporomoko ya ardhi katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, yaliua watu zaidi ya 20. Desemba ni ya wenyewe. Wapare walioko Dar, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani kwa Krismasi, magari hujaa, vyumba hujaa, na nyumba iliyokuwa na nafasi mwezi Septemba sasa ina wajukuu kumi na wawili sakafuni. Ukialikwa na mtu wa huko nenda, kutakuwa na vicheko vingi. Usipoalikwa, subiri Januari. Na siku yako ya kuondoka mwone konda jioni iliyotangulia umwonyeshe nyumba unayolala, maana gari la kushuka hupita gizani na halimngoji aliye bado anafunga begi.